Doa la Kisigino

Kipande cha ngozi kilikuwa kimekaa siku tisa kwenye dawa, kikagandishwa kwa nta, kikakatwa chembamba kuliko unywele. Saa nne asubuhi daktari alikitazama kwa hadubini, na seli moja ikasogea.

"Mjomba, njoo uone," alimwita fundi wa maabara. Kazini wote walimwita hivyo. "Kuna kinachotembea."

"Kinachotembea ni zile kahawa zako tatu, mwanangu."

Daktari alicheka, akainama tena. Doa lilitoka kwenye kisigino cha msichana wa miaka minane. Mtoto alikuwa tayari mezani, ghorofa ya chini, na daktari wa upasuaji alisubiri jibu: ikiwa saratani, akate mguu; ikiwa si saratani, amrudishe kwa mama yake. Madoa ya aina hii hudanganya. Seli zake ni kubwa, sura zinatisha, lakini kadiri zinavyoshuka ndani ya ngozi hupungua ukubwa, na upande mmoja hulingana na mwingine. Saratani haina adabu hiyo.

Hizi zilipungua. Zililingana.

"Si saratani," alisema.

Harufu ya damu mbichi ikajaa chumbani. Chini ya kioo, seli zote zikaanza kuvimba na kupanda juu.

"Andika saratani," ilisema sauti kutoka kwa Mjomba. Midomo yake ilikuwa imefumba.

"Mjomba, usinitanie."

"Nina njaa. Andika."

Mkono wa kulia wa Mjomba ukajinyoosha wenyewe mpaka kwenye kisu cha mashine ya kukatia vipande, wa kushoto ukashika gurudumu na kulizungusha, na kidole cha shahada kikakatika tabaka kwa tabaka, ngozi, nyama, mfupa, kisha cha kati, huku damu ikitiririka mezani na fundi akishindwa kujiondoa.

"Usiandike," alinong'ona, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Ni mtoto, mwanangu. Mimi nimeshazeeka, usiandike."

Daktari alivuta karatasi. "Nyama iliyokufa haitembei," alisema polepole. "Unayetembea ni wewe."

Akaandika: si saratani. Akatia sahihi.

Gurudumu likasimama. Harufu ikaisha. Alimfunga Mjomba mkono kwa koti lake, akanyanyua simu awapigie wa chini, na ndani ya simu akasikia sauti yake mwenyewe, imetulia, ikisema: "Ni saratani. Usisubiri karatasi."

"Sawa, dada," alijibu daktari wa upasuaji. Simu ikakatika.

Mlango uligoma kufunguka. Aliupiga kwa kiti, kwa bega, kwa ngumi mpaka mifupa ya vidole ikaonekana, akapiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia, na ulipofunguka saa ya ukutani ilionyesha saa sita.

Chini, muuguzi alikuwa anatoka chumba cha upasuaji na ndoo iliyofunikwa kitambaa. "Umefanya vizuri kuja, dada. Hii ni ya maabara."

Mama wa mtoto aliinuka kwenye benchi, akamshika daktari mikono yote miwili, damu na karatasi pamoja.

"Wameniambia ni wewe uliyepiga simu," alisema. "Mungu akuzidishie."