Mitumbwi Kumi na Minne ya Mwalo wa Chini

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya misheni, Émérance alifagia uwanja wa bibi yake, akachota maji, akala kipande cha muhogo wa jana, kisha akashika njia ya shule huku akihesabu. Alihesabu mbuzi, alihesabu hatua, alihesabu hata mara ambazo bibi yake alikohoa. Katika darasa la tano la shule ya wasichana pale Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, hakuna aliyemshinda kwa hesabu, na yeye mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Mwaka huo, 1952, Wabelgiji waliotawala Kongo nao walikuwa wakihesabu. Agronomu wa serikali, mzungu aliyeshughulikia mashamba na uvuvi, alikuja kutoka Kasongo na bunda la karatasi zenye mistari. Wakubwa wake walitaka kujua maji ya Kongo yanazaa mali kiasi gani: kuna mitumbwi mingapi, wanatoka samaki wangapi, na ni watu wangapi wanaokula kwa kuvua, kubanika samaki na kusuka nyavu. Makarani wake hawakutosha, akaomba wanafunzi wamsaidie.

Mwalimu Mathilde aligawa karatasi zile darasani. "Kila mutu na mwalo yake," alisema, maana pwani ya Nyangwe ilikuwa na sehemu kadhaa ambapo mitumbwi hufika kushusha samaki. "Siku sita, asubuhi mapema. Muende na miguu, mutazame na macho. Ule atafanya kazi muzuri, Bwana Agronomu atamuandikia barua aende kusoma ualimu kule Kasongo."

Émérance aliitamani barua hiyo kuliko nguo mpya ya Pasaka. Alipewa Mwalo wa Chini, uliojificha chini ya ukingo mrefu wa udongo mwekundu, mkabala na jabali moja jeusi lililosimama katikati ya mto. Mkubwa wa wavuvi wa pale alikuwa Bulaimu, mjomba wake, kaka ya mama yake. Kazi rahisi iliyoje!

Lakini ilikuwa kiangazi, majira ambayo ukungu hulala juu ya Lualaba mpaka jua lipande. Asubuhi ya kwanza Émérance aliteremka ukingo, akafika nusu ya njia, akasimama. Mbele yake hapakuwa na mto. Palikuwa na weupe mtupu, na njia iliingia ndani yake ikapotea. Aliunyoosha mkono wake, vidole vikafifia. Hapakuwa na ndege aliyelia wala mtu aliyesema.

Kisha akasikia: ko, ko, ko.

Sauti hiyo aliijua. Wakati wa ukungu wavuvi hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, mara tatu, ili wasigongane wakirudi. Mtumbwi mmoja huo. Mara ikaja nyingine, ko, ko, ko, kutoka mbali zaidi. Halafu ya tatu, nyembamba, kana kwamba aliyegonga alikuwa amechoka sana. Émérance akajiuliza ashuke ya nini ikiwa masikio yake ni mazima? Aliketi palepale kwenye udongo baridi, akahesabu. Zilipokwisha alikuwa na kumi na nne.

Aliandika: mitumbwi kumi na minne. Samaki hakuwaona, lakini jana yake sokoni alikuwa ameona kapu moja la samaki, basi akalizidisha mara kumi na nne. Wanawake wanaobanika? Akawakadiria. Karatasi ikapendeza kweli.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Siku ya nne aligundua jambo ambalo hakulipenda. Milio mingine ilitoka mahali alipojua kuwa hakuna njia ya mtumbwi, upande wa maji ya kina, na haikusogea karibu kama mitumbwi inayorudi nyumbani. Ilibaki kulekule, ikigonga. Siku ya sita mlio mmoja ulisikika chini yake tu, karibu kabisa, na hakuna aliyezungumza baada yake. Émérance alikwea ukingo mbio, akaimalizia karatasi yake nyumbani, mlango umefungwa.

Wiki mbili zikapita. Agronomu alirudi, akawakusanya wavuvi mbele ya shule. Alikuwa mtu wa haraka, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri.

"Mwalo wa Chini," alisoma. "Mitumbwi kumi na ine. Vizuri sana. Wafanyakazi wa mugodi upande wa Kabambare wanahitaji chakula. Kila mutumbwi italeta makapo mbili ya samaki kavu kila juma. Makapo makumi mbili na munane."

Bulaimu alivua kofia yake. "Bwana, mitumbwi yetu iko tano."

"Karatasi inasema kumi na ine."

"Basi karatasi imeona kitu macho yangu haione, Bwana. Iko tano tu."

Uso wa mzungu ukawa mwekundu. "Unaficha mitumbwi tisa! Mutoto wa shule ameihesabu." Akamtafuta kwa kidole kati ya wanafunzi. "Wewe. Ulishuka kule? Uliiona?"

Watu wote waligeuka. Bulaimu naye alimtazama, na katika macho yake hapakuwa na hasira, palikuwa na mshangao tu, kwa sababu kwa siku sita zile hakumwona mpwa wake mwaloni hata mara moja. Angeweza kulisema hilo. Hakulisema, alimwachia mwenyewe.

"Ndiyo, Bwana," Émérance alijibu. "Niliiona."

Agronomu alitoa siku tatu. Mitumbwi tisa ionekane, ama Bulaimu apelekwe gerezani Kasongo.

Nyumbani hakuna aliyekula. Émérance alikaa karibu na jiko, akamwambia bibi yake yote: ukungu, woga, milio. Bibi Waridi, mama yake Bulaimu, aliacha kupeta mchele.

"Ulihesabu ngapi?"

"Kumi na ine, Bibi."

"Na sisi tuko na tano." Kikongwe aliuweka ungo chini. "Mama yangu alinielezea. Zamani, wakati wa wauza watu, bunduki ililia hapa siku ya soko. Watu wakakimbilia mitumbwi, wakajaa wengi kupita kiasi, wakazama. Wanawake wengi, na vikapu yao kichwani. Walizama ngapi? Hakuna mutu alihesabu. Wazee wanasema ni hao wanagonga ndani ya ukungu. Wanangojea mutu awahesabu."

Émérance alisogea karibu zaidi na jiko. "Mimi niliwahesabu, Bibi?"

"Mi sijui ulihesabu nani. Najua mutoto yangu anaenda gereza juu ya hesabu yako."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yale ya waliozama. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia mlangoni mwa mjomba wake.

Alfajiri Émérance aliteremka ukingo. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Alipofika nusu ya njia miguu ilikataa; akailazimisha. Weupe ukamfunika. Hatua kumi, ishirini, hamsini, kisha hakuhesabu tena. Harufu ya moshi wa samaki ikamjia, akaona moto, na kando ya moto Bulaimu akifunga kwa kamba kasia lililopasuka.

"Mujomba," alisema, "sikufika huku hata siku moja. Nilikaa kule juu nikasikiliza. Niliogopa. Nilidanganya."

Bulaimu aliendelea kufunga kasia lake mpaka fundo likakaza. "Panda ndani ya mutumbwi," alisema.

Walisogea majini mpaka pwani ikapotea. Bulaimu akagonga ubavu wa mtumbwi: ko, ko, ko. Walingoja. Kutoka ndani ya ukungu sauti nyembamba ikajibu: ko, ko, ko. Na nyuma zaidi, kutoka upande mwingine: ko, ko, ko.

Émérance alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

"Ya kwanza ni jabali, inarudisha sauti," mjomba wake alisema. "Ya pili ni ukingo ule murefu. Mutumbwi moja, sauti mbili, tatu. Ukiwa juu unasikia jeshi. Ukishuka unaona sisi, watu masikini na nyavu ya kutoboka."

Mitumbwi mingine minne ilirudi mmoja baada ya mwingine, na Émérance akaihesabu kwa kuigusa pua kwa kiganja. Aliwahesabu samaki kapu kwa kapu. Aliwaona wanawake tisa wakibanika samaki, macho mekundu kwa moshi. Mzee mmoja akisokota kamba za nyavu. Wasichana wawili wakisuka makapu. Katika karatasi yake ya kwanza hakumhesabu kweli hata mmoja wa watu hao, na bila wao samaki wote wangeoza kabla ya adhuhuri.

Makasia yote matano yalipolazwa mchangani, na watu wote wameketi kunywa uji, ukungu ukagonga. Ko, ko, ko. Polepole, mbali, upande wa maji ya kina.

Hakuna aliyenyanyua kichwa. Mwanamke mmoja alimimina uji kidogo chini. Émérance alimtazama mjomba wake, mjomba akaitazama kalamu mkononi mwa mpwa wake.

"Ile usiandike," alisema. "Hukuiona."

Siku hiyohiyo Émérance, Bulaimu na Mwalimu Mathilde walikwenda nyumba ya wageni alikofikia agronomu. Msichana alikiri uongo wake wote kwa mdomo wake, amesimama wima, machozi yakimtoka. Mzungu alipiga meza, akafoka kwamba sasa aamini karatasi gani. Lakini kesho yake aliteremka mwenyewe, viatu vikimtelezesha, akahesabu mitumbwi: mitano. Akaweka makapu kumi kwa juma badala ya ishirini na manane, na Bulaimu akabaki na wavuvi wake. Kuhusu barua ya kwenda Kasongo, jina lililoandikwa lilikuwa la Julienne, mwanafunzi mwenzake aliyehesabu mwalo mdogo wa mitumbwi miwili, siku zote sita, akiwa na homa ya mafua.

Jumatatu, Mwalimu Mathilde alimwita Émérance mbele ya darasa, akampa karatasi mpya yenye mistari ileile.

"Watoto," alisema, "hesabu ya uongo haikae ndani ya karatasi. Inatoka, inatafuta mugongo ya mutu wa kubeba. Juma iliyopita, ilitaka mugongo ya Bulaimu. Serikali inataka kujua mali ya maji. Mali ile ni jasho ya watu. Ukiongeza, unawaua na kazi. Ukipunguza, ni kama hawako. Na kama hukuona, kuna neno ya kuandika, haina haya." Akamgeukia Émérance. "Siku sita zile za kwanza. Andika ulichoona."

Kalamu ilisikika ikikwaruza. Msichana aliyewashinda wote kwa hesabu aliinama, akajaza mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, kisha akasoma kwa sauti, siku baada ya siku, bila kuruka hata moja:

"Sikuona. Sikuona. Sikuona. Sikuona. Sikuona. Sikuona."