Treni ya Nyamizi na Bomba Lenye Kiherehere

Sogeeni, sogeeni. Wa mbele akae chini, wa nyuma naye aone. Leo ni habari za Nyamizi wa Tabora, treni yake, na bomba moja lenye kiherehere.

Treni ile Nyamizi aliiunda mwenyewe. Mabehewa yalikuwa maboksi ya maziwa. Magurudumu yalikuwa vizibo vya soda. Injini ilikuwa kagari kabovu kenye betri.

Reli zilikuwa za mabua. Zilizunguka sebule nzima, zikapita chini ya meza, zikarudi stesheni.

Kwenye behewa la kwanza alikaa abiria wa udongo. Alikuwa na kofia na kitambi. Nyamizi alisema huyo ni Baba. Baba mwenyewe alicheka, akasema anaingoja safari kwa hamu.

Nyamizi alitaka jambo moja tu. Treni izunguke yote, bila kusimama, mpaka irudi stesheni.

Akabonyeza swichi. Chuku-chuku, chuku-chuku, po-o-o!

Mara maji ya mgao yakaja. Mtaani kwao maji yakija ni sherehe. Ndoo mbio, madumu mbio, Mama mbio.

Bomba lililopita juu ya ukuta wa sebule nalo likasherehekea. Likaanza kuvuja.

Baba akaleta beseni. Akalitua, pu! Juu ya reli.

Tone, tone, tone. Treni ikasimama.

Mama akasema aitwe fundi. Baba akashangaa sana. Fundi wa nini, na yeye yupo?

"Kesho nitalitengeneza," alisema Baba.

Kesho ikafika. Baba akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akalifunga bomba. Kaza, kaza, kaza! Akarudi nyuma, akajisifu kidogo. Wala si kidogo, alijisifu sana.

Bomba likaacha kuvuja pale. Likavuja hapa.

Baba akaleta sufuria. Akaitua, pu! Juu ya reli.

Tone, tone, tone. Treni ikasimama.

"Kesho nitamalizia," alisema Baba.

Akafunga hapa, likavuja kule. Akafunga kule, likavuja juu ya kochi. Bomba zima likawa na bendeji, kama mgonjwa.

Sebule ikajaa mabeseni na sufuria, mpaka birika la wageni. Mama akakosa sufuria ya kusongea ugali. Siku hiyo wakala ndizi.

Mama akasema basi, koki ifungwe, maji yasimame kwanza. Baba akashika kichwa. Afunge koki siku za maji? Nani anafunga mlango mgeni akija?

Haya sasa, sikilizeni. Tone moja likakosa beseni. Likaangukia treni. Na jingine. Na jingine.

Boksi la maziwa likalowa, likalegea, likalala ubavu. Abiria wa udongo akaanguka majini. Kofia yake ikayeyuka.

Nyamizi akalia. Hakulia kilio cha kutaka pipi. Alilia kwa uchungu, maana treni yake ilikuwa inakufa na hajaiona ikizunguka.

Mama akamfuta machozi kwa kanga. Abiria naye akafutwa kwa kanga hiyohiyo.

Jioni Baba alikaa na chai yake. Akauliza treni inaondoka lini.

"Kesho," alisema Nyamizi.

Siku ya pili Baba akauliza tena. Nyamizi akajibu vilevile, tena kwa adabu.

Siku iliyofuata Baba akaweka kikombe chini. "Mwanangu, kesho gani hiyo isiyofika?"

"Ile ya bomba, Baba," alisema Nyamizi, taratibu.

Mama akageukia ukuta, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Baba hakucheka. Aliliangalia bomba. Akamwangalia yule abiria asiye na kofia. Aibu ikamshika, aibu ya kweli. Akainuka, akafunga koki, akaenda mwenyewe kumwita fundi.

Fundi akafungua bendeji ya kwanza. Akafungua nyingine. Akauliza nani alimtibu mgonjwa huyu. Baba akakohoa, akasema hata yeye anashangaa. Mh!

Fundi akaweka bomba jipya. Koki ikafunguliwa. Wote wakatega masikio.

Kimya. Hakuna tone.

Mabeseni yakatoka. Sufuria zikarudi jikoni. Baba akapiga magoti, akaligundisha lile behewa lililolowa.

Nyamizi akabonyeza swichi. Chuku-chuku, chuku-chuku! Treni ikapita chini ya meza. Ikapita chini ya bomba. Ikapinda kwenye kochi. Po-o-o! Stesheni!

Haikusimama hata mara moja. Nyamizi akarukaruka kwa furaha. Akamkumbatia Baba shingoni.

Usiku ukaingia. Mama akasema kila mtu akalale. Nyamizi akaenda kitandani bila kubembelezwa.

Lakini yupo mtu ambaye hakwenda. Alilala kifudifudi sebuleni, kidole kwenye swichi.

"Mara moja tu, Mama Nyamizi," alisema Baba. "Hii ndiyo ya mwisho."

Chuku-chuku, chuku-chuku, po-o-o. Haikuwa ya mwisho. Akaizungusha tena, na tena.

Sauti ndogo ikatoka chumbani, imejaa usingizi.

"Baba, zima injini. Abiria tumelala."