Aya ya Bibi Marieta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fausta alichota maji kwenye mfereji chini ya shamba la vitunguu saumu, akawafungulia mbuzi, kisha akaingia jikoni alikokuwa Bibi Marieta akikoroga uji. Humo waliongea Kiiraqw. "Lete kuni." "Funga mlango, kuku wataingia." Kwa maneno kama hayo Fausta hakuwa na shida. Lakini alizaliwa Babati mjini, akaja Tlawi kukaa na bibi yake alipoingia darasa la nne. Sasa alikuwa la sita, na Yohanes, mtoto wa jirani, bado alimtania.

"Kiiraqw chako ni cha kuombea chumvi tu," alimwambia. "Wazee wakianza kuongea, wewe unabaki kutabasamu."

Fausta alicheka naye, ila maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Jumatano alipotoka shule alimkuta mgeni nyumbani. Alikuwa Mhadhiri Nicodemo wa chuo kimoja mjini Mbulu. Chuo hicho kiliandaa mihadhara mitatu ya siasa, uchumi na utamaduni, na mwananchi yeyote aliruhusiwa kusikiliza. Wa siasa na wa uchumi ilikwisha kufanyika. Wa utamaduni ungekuwa Jumamosi, na mhadhiri alitaka Bibi Marieta aeleze jinsi watu wa zamani walivyojiongoza. Tlawi yote ilimjua bibi huyo kwa kupatanisha majirani waliogombana.

Bibi alijua Kiswahili cha sokoni tu, kwa hiyo Baba Mdogo Pascal ndiye aliyetafsiri siku hiyo.

"Tatizo ni Jumamosi," alisema mhadhiri. "Mwenzetu anayejua Kiiraqw yuko Basotu na wanafunzi wenyeji, kwa mafunzo ya vitendo. Waliobaki chuoni tumetoka mikoa mingine. Pascal, wewe utaweza?"

"Jumamosi navuna vitunguu, mwalimu."

Bibi alisema jambo, na Pascal akacheka. "Anasema ataenda na mjukuu wake. Anataka maneno yake yapite kwa mtu wa damu yake."

Mhadhiri akamgeukia Fausta. "Kiiraqw unakijua vizuri?"

Nje ya ua, Yohanes alikuwa amesimama na mbuzi wake, masikio wazi.

"Vizuri sana, mwalimu," akajibu Fausta.

Siku ya Ijumaa, Bibi aliketi mlangoni akichambua maharage, akamsimulia mjukuu wake yote atakayosema. Fausta alielewa nusu. Neno moja lilirudi tena na tena: aya. Hilo alilijua. Shuleni walifundishwa kugawa insha katika aya, na kanisani katekista alisoma aya za Biblia. Lakini Bibi alisema wazee waliizunguka aya, na kwamba aya iliweza kuugua. Aya inauguaje?

"Umeelewa?" aliuliza Bibi.

"Ndiyo, Bibi."

"Usipoelewa uniulize. Mimi siendi popote."

Fausta akainama, akaanza kuchambua maharage pamoja naye. Angeuliza, Bibi angejua kwamba mjukuu wake hajui. Labda angemtafuta mtu mwingine, na Yohanes angecheka mpaka Krismasi.

Jumamosi ukumbi wa chuo ulijaa wanafunzi na walimu wa mikoa mingine; wenyeji walikuwa mashambani wakivuna vitunguu. Bibi alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga shuka begani, akakaa mbele kabisa. Fausta alisimama kando yake.

Mwanzo ulikwenda salama. Bibi alitaja ng'ombe, mvua na msimu wa kupanda, na Fausta akatafsiri kwa sauti iliyotulia. Kisha Bibi akasema kwamba kila mwaka, kabla ya kulima, wazee walizunguka mpaka wa aya.

Fausta alikwama. Macho ya watu wote yalikuwa juu yake.

"Anasema... kila mwaka kabla ya kulima, wazee walikaa kuzunguka aya. Yaani maandiko. Waliyasoma."

Mhadhiri Nicodemo aliinua kichwa haraka. "Maandiko? Maandiko yao wenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

Minong'ono ikapita ukumbini, na kalamu zikaanza kukimbia. Mwanafunzi mmoja wa kike, Glory, akanyoosha mkono. "Tunaomba Bibi atuambie, yaliandikwa kwa lugha gani?"

Sasa Fausta alipaswa kumuuliza Bibi. Aliinama na kumwambia kwa Kiiraqw, "Bibi, umechoka?"

"Sijachoka," akajibu Bibi. "Endelea."

Fausta akawageukia watu. "Anasema kwa Kiiraqw."

Mhadhiri aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: WAIRAQW WALIKUWA NA KITABU CHA KALE. Akageuka, uso wake ukiwa na furaha kama ya mtoto. "Ndugu zangu, sijawahi kusikia jambo hili. Litaingia kwenye kijitabu chetu cha mihadhara, na jina la Bibi Marieta litakuwa juu yake. Sasa tunywe chai."

Bibi alipewa kiti barazani. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akiwatazama wanafunzi wanaosomeana madaftari.

"Wanaandika maneno yangu," alisema polepole. "Tangu jana nilikuwa na wasiwasi kwamba watoto wa shule watayaona ya kijinga. Kumbe wanayaandika. Hata nikifa, wataijua aya yetu."

Chai ya Fausta ilikuwa chungu mdomoni. Aliwahesabu watu waliotoka ukumbini. Walikuwa zaidi ya sitini, na kila mmoja alikuwa na uongo wa Fausta daftarini, umeandikwa jina la Bibi.

"Bibi," alisema. "Aya ni nini?"

Bibi alimtazama. Kisha akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono kuelekea milimani. "Ni nchi yetu. Kutoka ule mgongo wa mlima mpaka mtoni. Udongo, maji, mifugo, na watu wanaokaa humo pamoja. Wawili wakigombana na kuachwa hivyo, aya yote inaugua. Ndiyo maana napatanisha." Akamgeukia Fausta. "Wewe uliwaambia nini?"

Fausta alimwambia yote, hata lile swali la uchovu. Machozi yalimdondoka kwenye sketi ya shule. Bibi hakumkemea. Alisimama, akajifunga shuka yake vizuri.

"Twende," alisema.

Watu waliporudi kwenye viti, Fausta alisimama mbele ya ubao.

"Shikamooni. Hicho kitabu hakipo. Bibi hakusema maandiko, mimi ndiye niliyesema. Sikulijua neno, nikaogopa kuuliza. Na swali la dada Glory sikumuuliza Bibi kabisa."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Mhadhiri Nicodemo alitazama ubao wake, akachukua kifutio na kuufuta polepole, neno baada ya neno.

"Na mimi niliandika kabla sijahakikisha," alisema. "Tuanze upya. Fausta, kila neno usilolijua, simama umuulize. Tutangoja."

Wakaanza upya. Ilichukua saa mbili, na Fausta aliuliza mara kumi na moja. Kila alipouliza, Bibi alieleza kwa mikono, na wanafunzi wakasogeza viti mbele. Walipofika kwenye aya, Glory alisema hiyo ndiyo siasa, uchumi na utamaduni kwa neno moja, na mhadhiri akaandika jambo hilo ubaoni.

Mwishoni Bibi Marieta aliomba kusema jambo moja zaidi. Alisema kwa utulivu, akimtazama mjukuu wake. Fausta aliuma mdomo.

"Tafsiri," alisema Bibi kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Anasema..." Fausta akawageukia watu. "Anasema mjukuu wake aliogopa kuchekwa. Anasema kutojua neno si kosa, hata yeye hajui yaliyoandikwa kwenye huo ubao. Kosa ni kujaza uongo mahali usipojua, kisha kusema ni maneno ya mwingine. Anasema leo nimeona aibu ya siku moja, lakini ningenyamaza, yeye angebeba aibu yangu kitabuni miaka yote."

"Ni hayo tu?" aliuliza mhadhiri.

Fausta alimgeukia bibi yake na kumuuliza kwa Kiiraqw. Safari hii aliuliza swali lenyewe. Bibi akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Fausta akatabasamu.

"Anasema kuanzia kesho atanifundisha Kiiraqw cha wazee. Na Yohanes naye nimlete, maana hata yeye hajui nusu yake."