Dirisha Lisilo na Nyota

Kila alasiri Tyra Hedström alifanya mambo yale yale. Alivua viatu vya theluji mlangoni, akapaka siagi kwenye mkate mkavu, akawasha nyota ya karatasi nyekundu iliyoning'inia dirishani, kisha akaketi mbele ya kompyuta na kuvaa hedifoni. Ilikuwa saa tisa tu, na nje tayari giza, maana huko kaskazini ya mbali jua la majira ya baridi huzama mapema. Desemba ilikuwa imeingia, na kila dirisha la mtaa wao mjini Skellefteå lilikuwa na nyota yake ya Krismasi.

Kabla ya kuanza mchezo, alizima kipaza sauti. Katika gemu, Tyra, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliitwa Kunguru, na ndiye aliyeongoza kikosi cha wachezaji watano. Amri zake zote alizitoa kwa kuandika. Wenzake walidhani Kunguru ni mvulana asiyependa kuongea, naye hakuwasahihisha. Alikuwa amewasikia wakiwakejeli wasichana wengine mpaka wakahama.

Siku moja alikuwa amejirekodi akisoma kwa sauti, zoezi la shule, na alipomaliza akasahau kuzima kipaza sauti.

"Kunguru, kaka, tupite wapi?" aliuliza mchezaji aliyejiita Nyundo.

Tyra alikuwa ameanza kuandika jibu mama yake alipopaza sauti kutoka jikoni. "Tyra! Binti yangu, njoo ule, chakula kinapoa!"

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, na wote wakasikia. Kisha mtu akacheka.

"Oya, mmesikia?" alisema Nyundo. "Kunguru ni demu! Siku zote tunaongozwa na binti wa watu! Haya dada, nenda, mama anakuita jikoni."

Wengine wakaangua kicheko. Elof peke yake hakucheka. Yeye na Tyra walikaa dawati moja shuleni, na katika kikosi kizima ni yeye tu aliyejua Kunguru ni nani. Tyra alisubiri aseme neno, lolote. Elof hakusema.

Kesho yake ukaja ujumbe kutoka kwa mtu asiye na jina. "Tyra Hedström. Ghorofa ya pili. Nyota yenu nyekundu inapendeza."

Kujua anwani yake halikuwa jambo la ajabu. Nchini mwao, ukitafuta jina la mtu mtandaoni unapata mtaa na namba ya nyumba. Lakini rangi ya nyota haikuandikwa popote. Ili kuiona, ni lazima mtu asimame nje kwenye theluji na kutazama juu.

Tyra akaizima nyota. Hakumwambia mama yake, kwa sababu aliamini mama angeichukua kompyuta. Mwezi wa Januari kungekuwa na mashindano katika ukumbi wa michezo, ambapo kila mtu angebeba kompyuta yake na kulala ukumbini na kikosi chake. Alikuwa akiyasubiri tangu kiangazi.

Siku iliyofuata ukaja ujumbe mwingine. "Umezima? Asante. Sasa mtaa mzima una dirisha moja tu lenye giza."

Tyra alisogea ukutani, akachungulia kwa pembeni. Ilikuwa kweli. Nyumba zote za mbele ziling'aa. Chini, kwenye theluji mpya, nyayo zilitoka barabarani, zikafika chini ya dirisha lake, zikasimama, zikarudi.

"Mbona nyota imezimwa?" aliuliza mama aliporudi kutoka kazini.

"Balbu imeungua."

"Hee! Juzi tu nimeinunua."

Kesho yake mama alikuja na balbu mpya. Kabla ya kuifunga, alijaribu ile ya zamani. Chumba kikawa chekundu. Tyra aliruka kutoka kitini na kuizima.

"Usiwashe, Mama! Atatuona!"

"Nani atatuona?"

Ndipo Tyra alipolia, akaeleza yote. Mama alisoma ujumbe wa kwanza, akasoma wa pili. Akavuta kiti, akaketi kando ya Tyra.

"Ulidhani nitakunyang'anya kompyuta?"

Tyra akaitikia kwa kichwa.

"Kosa si lako, mwanangu. Kwa nini adhabu iwe yako? Usifute hata neno moja. Kesho tunakwenda polisi, kisha shuleni. Siku ile nani mwingine unayemjua alikuwepo kwenye mchezo?"

"Elof."

Mama akapiga simu. Haukupita muda Elof akafika na baba yake, akasimama mlangoni akisokotasokota kofia.

"Nyundo ni Vidar," alisema taratibu. "Yule wa darasa la nane, anayekaa mtaa wa pili. Alinionyesha ule ujumbe. Alisema anatania tu."

"Na wewe ukasema nini?" mama aliuliza.

"Sikusema kitu. Lakini sikucheka!"

"Tyra angejuaje kwamba uko upande wake?"

Elof alitazama viatu vyake.

Vidar na wazazi wake waliitwa, shuleni na polisi pia. Alilia, akarudia kwamba ulikuwa utani, akaombwa aeleze kichekesho kilikuwa wapi. Akashindwa. Kikosi nacho kilimwondoa. Hata hivyo hofu haikuisha mara moja. Kwa siku nyingi Tyra alisikiliza kila hatua ngazini.

Elof alipokuja tena, mama aliwasha nyota mwenyewe, akawaketisha wote wawili.

"Anayetisha watu anataka unayemtisha ajifiche, na wanaojua wanyamaze," alisema. "Vidar alipata yote mawili kwenu. Ukitishwa, mwambie mtu mzima mapema. Na ukiona mwenzako anaonewa, sema pale pale, asikie."

Alasiri hiyo, Elof aliporudi kwao, kikosi kilikutana tena mtandaoni. Elof alikohoa kwenye kipaza sauti.

"Jamani, nina neno. Kunguru ni Tyra. Nilijua siku zote, na anatushinda sote. Siku ile nilitaka kusema hivyo, nikaogopa mtanicheka. Samahani, Tyra."

Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa Januari nani atatuongoza?"

Tyra aliitazama nyota dirishani. Kidole chake kilikaa kidogo juu ya kitufe cha kipaza sauti, kisha akakibonyeza.

"Mimi," alisema. "Naitwa Tyra. Piteni kushoto, mnifuate."