Picha ya Tatu ya Fundi Cherehani

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, daktari wa wodi ya uti wa mgongo alibandika picha tatu kwenye kioo cha taa. Zilikuwa picha za ubongo wa fundi cherehani aliyeanguka kutoka juu ya paa miezi saba iliyopita. Kila alipoingizwa kwenye mashine, fundi aliambiwa afikirie anakanyaga cherehani. Katika picha ya kwanza, utosini, palikuwa na doa jekundu dogo kama punje ya mtama, dalili ya ubongo kuiamuru miguu. Katika ya pili lilikuwa kubwa kama kifungo. Katika ya tatu utosi ulikuwa giza tupu.

"Hapa pana mkono wa mtu," alisema daktari. "Jopo la madaktari linakaa saa sita. Wakiiona hii, wanamsimamishia mazoezi."

Dada wa fundi alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo safi. Alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na wodi nzima ilimwita Afande. Alikitua kikapu, akaagiza mpiga picha aitwe.

"Ulimpiga picha hii ya tatu saa ngapi?"

"Jana saa nne na nusu, Afande."

"Hukuchanganya na ya mtu mwingine?"

"Haki ya Mungu, sikuchanganya!" Jasho lilimtoka.

Afande alisogeza uso kwenye kioo. Kwenye mfupa wa paji palikuwa na kibonyeo. "Ni yeye. Hiki nilimtia mimi kwa mwiko, alipokuwa na miaka sita. Alikuwa mdokozi huyu! Nenda, mwanangu, huna kosa."

Akafuata mtaalamu wa viungo, mama mwenye sauti nene.

"Mimi nimharibie? Juzi kidole gumba cha mguu wake kilitikisika, nikalia mbele za watu!"

"Maelekezo ndani ya mashine anayatoa nani?"

"Sauti yangu, imerekodiwa. Ileile mara zote tatu: kanyaga, pumzika."

Afande alirudi kwenye kioo. "Daktari, na hili doa la pembeni? Kwenye zile mbili halimo."

"Hapo ni mahali pa mikono. Sisi tunatazama miguu tu, huku juu."

"Mtu kaambiwa akanyage. Mikono inaingiaje?"

Afande alikiacha kioo. Akashika njia ya wodini. Karibu na dirisha aliketi mwalimu wa shule aliyeumia uti wa mgongo wiki mbili nyuma. Kwenye kiti chake cha magurudumu ulining'inia mkanda wa mazoezi ulioshonwa kwa uzi wa kijani. Afande aliujua mshono ule wa ndugu yake.

"Kakupa lini?"

"Jana asubuhi, kabla hajaenda kwenye mashine. Kasema yeye hauhitaji tena."

Saa nne kamili Afande alikaa kitandani kwa ndugu yake, daktari akiwa nyuma yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mdogo wangu, jana kwenye mashine ulikuwa unakata kitambaa."

Fundi alitazama dari. "Nani kakwambia?"

"Kichwa chako mwenyewe. Mkasi haushikwi kwa mguu."

"Nilikata suti nzima, dada, na mifuko yake." Fundi alimgeuzia uso. "Nilimsikia daktari akimwambia mwalimu, 'Sina nafasi.' Mwenzangu ana watoto watatu wadogo. Mimi mikono ninayo. Nikaona nimpishe kwenye mazoezi."

Daktari alishika kichwa. "Nilikuwa nakimbilia chumba cha upasuaji! Sikuwa na nafasi ya kuongea naye. Nafasi ya mazoezi anayo, anaanza Jumatatu!"

Afande alicheka, kisha machozi yakamtoka kwa hasira na kwa mapenzi. "Nimekamata wezi miaka yote, sijapata kuona mtu anayejiibia miguu. Ungetembea lini, wewe? Na mimi ningemkamata nani?"

"Nisamehe, dada."

"Jiandae, unarudi kwenye mashine."

Saa sita kasoro dakika kumi daktari alibandika picha ya nne. Doa la utosini lilikuwa limekishinda kifungo kwa ukubwa. Pembeni palikuwa giza. Mtaalamu wa viungo alilia tena mbele za watu.

Afande alipeleka habari kitandani, akamfunika ndugu yake shuka vizuri. "Ukirudia mchezo huu," alimwambia, "ujue ule mwiko bado ninao."

Chini ya shuka, kidole gumba cha mguu wa kulia kiliruka.