Kamba ya Okito

Siku ya gari la moshi, bandari ya Kindu ilikuwa haina pa kuweka mguu. Magunia ya mpunga huku, mapipa ya mawese kule, wapagazi wanapigana vikumbo, polisi wanapuliza filimbi bila sababu. Katikati ya vurugu hiyo mwanaume mmoja, kaptula tu mwilini na kamba kiunoni, alitoka majini akaja kusimama palepale kwenye beseni la vitumbua la Emerance, maji yakimchuruzika.

"Kaka, sogea, unanyeshea vitumbua vyangu!"

Hakusogea.

"Kaka! Weye uko na masikio ama hapana?"

Emerance, binti wa mtaa wa Alunguli, alikuwa na kikwembe cha njano kilichomkaa vizuri na subira fupi kuliko kijiti cha kiberiti. Alinyakua mwiko akamchapa begani. Yule mwanaume akaruka, akageuka, akaona vitumbua vinaogelea, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Pole, mama. Masikio yamejaa maji."

"Na adabu je, nayo imejaa maji?"

"Hiyo niliiacha kule chini. Kesho nitazama nikuletee."

Emerance alitaka kukasirika, akashindwa. Huyo alikuwa Kalume. Mwaka ule wa hamsini na tatu alikuwa mzamiaji wa kampuni moja ya boti. Nanga ikikatika, sanduku likianguka, yeye ndiye aliyeingia kutoka ukingoni na kwenda kulifunga kamba livutwe. Jumapili walizoea kukaa juu ya gogo karibu na maji, Emerance anauliza, Kalume anajigamba.

"Kule chini unaona nini?"

"Sioni hata mukono wangu. Muto huu wa Lualaba njo uji, mama. Ninajua njia kwa mashavu. Nikienda, maji yananipiga shavu la kuume. Nikirudi, la kushoto. Na muchanga umejipanga matuta matuta, ninayapapasa. Upande mukali wa tuta unaangalia kule maji yanakokwenda."

"Na mawimbi ya hapa ukingoni, siku ya upepo?"

"Hayo yanaua wajuaji. Usisimame ukashindana nayo. Unahesabu. Makubwa yakipita yanakuja madogo matatu, njo unaingia, tumbo chini kama kenge."

"Kenge wangu mwenyewe," akasema Emerance, wakacheka. "Na ukipotea?"

"Okito iko na kamba. Nikivuta mara moja, niko muzima. Mbili, legeza. Tatu, nitoe. Muntu mwingine hawezi kushika kamba yangu."

Okito alikuwa mtu wa maneno machache, mume wa Scholastique, baba wa watoto wawili. Yeye na Kalume walikulia pamoja kijijini Kailo, wakaja mjini pamoja, na kamba ile ilikuwa imepita mikononi mwao miaka sita.

Mwezi wa nne tangu wajuane, Kalume aliuliza. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Emerance, utaolewa na miye?"

Emerance, kwa utundu wake, akainama kwenye sikio lake la kushoto akanong'ona, "Ndiyo. Hata leo."

Kalume akaendelea kungoja. Uso wake ukaanza kunywea taratibu. "Kama hutaki, sema tu. Sitakasirika."

Kicheko cha Emerance kilikatika. Alipiga vidole karibu na sikio lile mara mbili, mara tatu. Kalume hakugeuza hata jicho. Emerance akamshika kidevu, akamgeuza wakaangaliana.

"Kalume, hili sikio limekufa?"

Alikana, halafu akachoka kukana. "Lilipasuka wakati wa mvua ya mwaka jana. Damu ikatoka."

"Na bado unaingia?"

"Maji yakiingia mule ndani, dunia inazunguka. Juu inakuwa chini. Mara mbili niliogelea kwenda chini nikifikiri natoka."

"Mungu wangu! Acha hiyo kazi!"

"Na baba yako atampa mutoto wake muntu asiye na kazi? Ngoja tuoane kwanza. Okito njo anajua, na sasa weye. Niapie hutasema, Emerance."

Akamwapia. Na kiapo cha mapenzi, jamani, ni chepesi mdomoni na kizito kifuani. Haikupita wiki mbili upepo wa mvua ukaanza, boti moja ikakatikiwa nanga karibu na gati, na habari ikatoka kwamba Kalume ataingia Alhamisi. Emerance alitazama mawimbi yanavyobamiza ukingo mpaka povu likapanda njiani. Hakuvumilia. Akamfuata kapita Tambwe, msimamizi wa wafanyakazi wa kampuni, nyumbani kwake.

"Kapita, ninakuomba sana, Kalume asiingie. Sikio lake limepasuka, atakufa. Lakini usiseme njo miye nilisema."

Kapita Tambwe alikuwa mropokaji tangu kuzaliwa. Siri hii moja tu ndiyo aliyoitunza, na afadhali angeropoka.

Jumatano asubuhi, mbele ya wafanyakazi wote, Kalume aliambiwa kazi yake imekwisha, mzungu wa kampuni hataki kiziwi majini. Nanga ataitoa Okito. Kalume alimgeukia rafiki yake.

"Njo weye."

"Si miye, ndugu yangu."

"Nani basi? Watu wawili njo wanajua!" Akamtafuta Emerance kwa macho, akamwona na beseni lake. "Emerance, ulisema?"

Emerance alifungua mdomo. Aliona ndoa yake inaondoka hivi hivi, mchana, mbele za watu. Sauti haikutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka, na Kalume akadhani ni ya mtu aliyeonewa.

"Nisamehe, mupenzi. Ninajua si weye."

Okito alimtazama Emerance kwa muda mrefu, akashusha macho. "Basi, Kalume. Fikiri unavyotaka."

"Ulitaka mahali pangu, pachukue! Na kamba yako tafuta wa kukushikia!" Kalume akaitupa chini, akaondoka.

Alhamisi ilifika na upepo wake. Kalume alijifungia ndani. Okito alihesabu mawimbi, akaingia tumbo chini, akapita vizuri. Kamba aliishika kapita Tambwe, mtu aliyezoea kushika daftari. Baada ya kitambo ikavutwa mara mbili.

"Anavuta! Anavuta!" Tambwe akaingiwa na hofu, akaanza kuivuta kwa nguvu zote, na wapagazi wakamsaidia.

"Legezeni!" Emerance alipiga kelele, beseni likamwanguka. "Mbili njo legeza! Baba zangu, legezeni!"

Nani angemsikiliza muuza vitumbua? Kamba ilikuwa imezunguka mkono wa nanga, na kila walivyoivuta ndivyo ilivyozidi kumkaza Okito kwenye chuma. Walimtoa saa sita, amekwisha kufa. Scholastique alifika akiwa bado na unga wa muhogo mikononi.

Mji ukaanza kusema. Wakasema maji yamehukumu, kwamba aliyemuuza mwenzake ameuzwa na mto. Emerance alimkuta Kalume amekaa kizingitini, macho makavu.

"Hutaenda kwenye kilio?"

"Siendi. Alitaka mahali pangu, amepapata."

Neno hilo Emerance hakuweza kulibeba. Angenyamaza, angeolewa, siri ilikuwa na kapita, na kapita kwa aibu yake asingeifungua tena. Alitoka pale akienda kasi mpaka nyumbani kwa marehemu. Uwanja ulikuwa mtupu, wanawake watatu tu juu ya mkeka. Akapiga magoti mbele ya Scholastique.

"Dada, mume wako hakumuuza muntu. Njo miye nilisema kwa kapita. Njo miye."

Scholastique hakushtuka. "Ninajua."

"Unajua?"

"Okito aliniambia siku ileile. Nikamwambia, nenda basi umutaje yule musichana. Akakataa. Akasema, 'Alifanya vile sababu anamupenda. Nikimutaja, Kalume atamuacha. Hasira ya Kalume njo ya siku mbili, atanirudia.'" Akajifuta macho. "Hakupewa hizo siku mbili, mudogo wangu."

Emerance alilia mpaka wale wanawake wakamwinua. Kisha akarudi kwa Kalume, akamwambia yote, hata hilo la mwisho. Kalume hakumpigia kelele. Aliinuka bila viatu, akaenda kwenye kilio, akajitupa chini mlangoni kwa Okito, na kilio chake kilisikika mpaka barabarani. Jioni ile uwanja ulijaa watu.

Wiki iliyofuata alipanda lori la mpunga pamoja na mjane na watoto, kwenda Kailo, akamwambie baba yake Okito kwa mdomo wake mwenyewe, na amlimie Scholastique shamba. Emerance alimsindikiza.

"Nikungoje?"

"Hapana."

"Unanichukia, Kalume?"

"Kukuchukia ingekuwa nafuu. Ninakupenda. Lakini nikikuangalia ninajiona ninatupa ile kamba, na siwezi kula na hiyo picha mezani kila siku."

"Ningenyamaza kwa kapita, ungekufa weye!"

"Ningekufa, ndiyo." Alimshika mikono yote miwili, machozi yakamdondokea kifuani. "Na ungesema mbele yangu asubuhi ile, asingekufa hata mumoja wetu."

Scholastique, mtoto mgongoni, aliinama kutoka juu ya magunia akampa Emerance mkono, akasema, "Baki na Mungu." Lori likaondoka. Emerance akabaki katikati ya bandari, analia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, na wapagazi na mizigo yao kichwani wakawa wanampisha.