Nukta za Upande wa Kulia

Kila alfajiri, dakika chache kabla ya saa kumi na moja na nusu, Shanice alifumbua macho bila kuamshwa na mtu. Nyumbani kwao Mwakingali, mjini Voi, hapakuwa na saa ya kengele. Alitandika kitanda, akapiga magoti kumshukuru Mungu kwa usiku uliopita, kisha akawasha jiko la makaa. Alipomaliza kufagia uwanja, Mlima Sagalla ulikuwa umeanza kuonekana.

"Shangazi, ni nani huniamsha?" aliuliza Jumamosi moja wakinywa chai.

"Ni saa iliyo kichwani mwako," Shangazi Tryphena alijibu. "Na kuichunguza saa hiyo ndiyo kazi iliyonileta hapa na bahasha ile kubwa."

Shangazi alikuwa dada ya baba yake. Alifundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa, kisha akarudi kusoma chuo kikuu akiwa na nywele za mvi. Bahasha yake ilikuwa na picha sita za ubongo wa panya wa maabara, zilizokuzwa mpaka kila moja ikawa kubwa kama kalenda ya ukutani.

"Ubongoni, chini kabisa, juu ya mahali neva za macho zinapokutana, kuna vifungu viwili vya seli," alieleza. "Kimoja kushoto, kingine kulia. Kila kimoja ni kidogo kuliko punje ya wimbi, lakini ndivyo vinavyoujulisha mwili kuwa kumekucha. Baadhi ya seli zake zina peptidi, yaani vipande vidogo vya protini ambavyo seli hutumia kupelekeana habari. Zile zenye peptidi ninayoitafuta nimezitia rangi ya kahawia. Sasa nataka ramani ya kuonyesha kila moja inakaa wapi."

"Kama kuchora nyumba za Mwakingali?"

"Hasa. Na usichore nyumba ambayo hujaiona."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Shanice aliweka karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga juu ya picha, akatia nukta moja juu ya kila seli ya kahawia. Macho ya Shangazi yalikuwa yamechoka, na Jumatatu alitakiwa kumpelekea mwalimu wake wa chuo kikuu ramani hiyo. Alikuwa ameifanyia kazi miaka miwili.

"Tukimaliza, jina lako nitaliandika chini, pamoja na walionisaidia," aliahidi, akaenda sokoni na mama yake Shanice.

Picha tano zilikwenda vizuri. Shanice alikuwa amemaliza upande wa kushoto wa picha ya sita, nukta hamsini na nne, Mutheu wa jirani alipochungulia dirishani.

"Wewe bado unawachorea panya ramani? Wanapotea njia?"

"Nimebakisha upande mmoja tu."

"Mazoezi ya netiboli yameanza. Mwalimu amesema asiyekuja leo, wiki ijayo atashangilia akiwa nje ya uwanja."

Shanice aliitazama picha. Pande zote mbili zilionekana kama mabawa ya kipepeo. Akaikunja karatasi kwenye mstari wa katikati, akazifuatisha nukta za kushoto upande wa kulia, moja baada ya nyingine. Ilimchukua dakika tatu. Mkunjo ulibaki kwenye karatasi, basi akailaza chini ya Biblia kubwa ya marehemu nyanya yake ili inyooke. Akakimbilia uwanjani.

Alicheza vizuri siku hiyo, tena alifunga mabao manne.

Saa moja jioni walikaa mezani. Katika nyumba hiyo hakuna aliyegusa chakula kabla kila mtu hajataja jambo moja analomshukuru Mungu. Mama alishukuru kwa mvua iliyonyesha milimani. Shangazi akainamisha kichwa.

"Baba, nakushukuru kwa macho ya Shanice. Yameona kile ambacho yangu hayakuweza kukiona."

Ikafika zamu ya Shanice. Alifungua kinywa, neno halikutoka.

"Kama huna la kusema, tuletee Biblia tusome," Mama alisema.

Shanice aliinua Biblia. Chini yake ile karatasi ilikuwa imelala, na mkunjo wake umesimama vilevile katikati. Alirudi mezani na vyote viwili.

"Shangazi, upande wa kulia sikuutazama," alisema. "Nilikunja karatasi nikanakili. Nilitaka kwenda mazoezini."

Shangazi aliichukua karatasi, akaishika mbele ya taa kwa muda mrefu.

"Ungenyamaza, nisingejua," alisema hatimaye. "Kesho baada ya kanisa tutairudia, wewe na mimi. Sasa kaa ule."

Jumapili mchana walikaa pamoja dirishani. Shanice alihesabu upande wa kulia mara mbili, akapata seli thelathini na moja tu. Aliogopa kuwa amekosea. Shangazi akahesabu mwenyewe, akapata thelathini na moja, akacheka.

"Unaona? Nilipoukata ubongo, wembe wangu ulienda mshazari. Upande wa kulia umepita pembeni mwa kifungu, ndiyo maana seli ni chache. Sasa nitaliandika kosa langu wazi. Kwa karatasi yako ya jana, ningewaambia watu pande hizi ni sawa, nao wangejenga kazi yao juu ya nyumba zisizokuwapo."

"Basi jina langu usiliandike," Shanice alisema polepole.

"Nitaliandika. Yule aliyenakili hakusema ukweli. Aliyeinua Biblia akaja mezani alisema. Mwanangu, kuchoka si dhambi, na kuomba usaidizi si aibu. Lakini ukijaza pengo kwa kubuni, umemdanganya kila atakayekuja kusoma baada yako. Hesabu ulichokiona, na ambacho hukukiona useme hukukiona."

Jumatatu, kabla ya saa kumi na moja na nusu, Shanice alifumbua macho bila kuamshwa na mtu. Alipiga magoti. Safari hii maneno yalitoka yenyewe, mengi, mpaka Mama akaamka na kukuta jiko bado halijawashwa.